Namba yako ndo jina lako mbele ya forodha

Haya niliyaongea Jumamosi hapa Kigoma mjini mbele ya vijana na kina mama wa biashara, kuna waliotoka Kasulu na wengine walipanda treni usiku kutoka Tabora, na kwa vile wengi waliniomba maneno yenyewe nimeyachapa kama nilivyoyasema, hata pale nilipokatizwa na maswali nimeacha hivyohivyo.

Assalaam alaykum ndugu zangu, Bwana asifiwe, wazee wangu mliokaa mbele shikamooni. Kuna mama kanikamata pale mlangoni na invoisi kaikunja kwenye pindo la kanga, mwanae fundi ndege kafungua kakampuni ka spea na mzigo wa kwanza unatoka Toulouse, nimemwambia mama yangu nisubiri kidogo, nikimaliza tutaisoma wote hapa mbele.

Nianze na Kibirizi, pale mwaloni kwetu, maana hapo kila mtu anapajua. Mimi ni mtoto wa Ujiji, marehemu baba alikuwa anapeleka dagaa na mawese, na nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa moja tu, kushika kopo la rangi nyekundu na kupiga alama kwenye magunia, mstari mmoja na nukta mbili, basi. Hakukuwa na jina wala simu lakini gunia lile likishuka popote kando ya ziwa makuli wanasema hili la mzee fulani, likipotea wanajua wamtafute nani, likimwagikia la mwenzie wanajua wamdai nani. Alama ile ilikuwa ndo baba mwenyewe pale anapokuwa hayupo. Sasa kaeni na hilo gunia kichwani, kwa sababu nilichokuja kusema leo ni kwamba forodha haijui alama ya baba yangu, haijui duka lako la Mwanga, haijui kwamba wewe ni mtu mwaminifu na deni lako unalipa kwa wakati, yenyewe inasoma namba, na kama huna namba au unatembea na ya kuazima, kwao hupo.

Mtu ataniuliza kwa nini nimechagua vifaa vya ndege wakati hapa biashara zipo nyingi. Ni kwa sababu ndo kazi iliyonifundisha kwa machozi, na pia kwa sababu naona vijana wetu wanaanza kuletewa oda, tairi za ndege, betri, vichungi vya oili, taa, na hakuna hata kimoja kinachoundwa hapa. ATR inaundwa Toulouse Ufaransa, Dash 8 ni ya Kanada, Caravan hizi ndogo za injini moja zinatoka Kansas, huko Marekani. Kwa hiyo kitu kikifa kwenye ndege hapo uwanjani kwetu mwisho wa reli, kipuri lazima kivuke forodha za watu ndo kifike, na kila forodha inauliza swali lilelile, nani anatoa na nani anapokea.

Nikuambieni kilichonikuta. Miaka hiyo nipo Dar kwa wakala wa forodha, Caravan moja ikakwama hapa Kigoma, stata imekufa. Mafundi wa ndege wana herufi zao tatu wanaandika juu ya oda, AOG, maana yake ndege imekwama chini, na ukiziona hizo unaacha chakula mezani. Kipuri kikapatikana siku ileile kwa muuzaji mdogo Ulaya, hela ikatumwa, tukashangilia. Bei ilikuwa nzuri sana, na uzuri wake ulitokana na masharti yaliyoandikwa EXW, yaani unauziwa mzigo mlangoni kwa muuzaji, ukitoka hapo shida zote ni zako. Wakala wetu wa kule kaenda kuuchukua kauliza swali moja tu, namba yako ya EORI ni ipi, ile forodha za Ulaya wanayomtambulia mfanyabiashara? Muuzaji hana! Miaka yote anauza kwa wateja wa ndani ya Umoja wa Ulaya, mzigo ukitoka Ujerumani kwenda Uholanzi haupiti forodha, kwa hiyo hajawahi kuihitaji. Mteja wangu huku akasema basi andikeni TIN yangu mimi, namba yangu ya mlipa kodi, si mzigo ni wangu nimeshaulipia? Haiwezekani, kwa sababu kwa sheria za kule, na limewekwa wazi zaidi tangu 2018, anayeandikwa kama mtoaji wa mzigo lazima awe na makazi ya kibiashara ndani ya Umoja wa Ulaya. Mtu wa Kigoma hawezi kuandikwa hapo hata kama stata ameilipia mara mbili.

Zikaenda siku nne muuzaji anashughulikia namba yake. Mzigo ukafika Dar, tukajua tumemaliza, kumbe ndo kwanza. Kwenye hati ya mzigo wa ndege, ile tunaiita eawei bili, sehemu ya mpokeaji wameandika jina la rubani, kwa sababu yeye ndo alikuwa anaandikiana imeili na muuzaji. Sio kampuni, rubani. Na TIN ya rubani ilikuwa ile aliyochukua akikata leseni ya gari. Kurekebisha jina moja hilo, barua kwenda kwa shirika lililobeba, barua kwenda forodha, barua kutoka kwa rubani kusema mzigo si wake, zikaenda siku nyingine tano. Ndege ilikaa chini siku 11, na ndege ile ndo ilikuwa inapeleka chanjo na dawa, kila asubuhi daktari mmoja ananipigia anauliza bado? Nikimjibu bado anashukuru anakata simu, hajawahi kunifokea hata siku moja na hiyo ndo iliniuma zaidi, maana kosa la jina ningeliona mimi tangu siku ya kwanza kama ningeomba rasimu ya ile hati kabla haijatoka. Sikuomba, na tangu siku hiyo sijawahi kuacha kuomba.

Sasa EORI ni nini. Ni namba ya kumsajili na kumtambua mfanyabiashara mbele ya forodha za Umoja wa Ulaya, ilianza kutumika 1 Julai 2009, kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na utaratibu wake. Uzuri wake ukisajiliwa nchi moja unatambulika zote, leo ni 27. Inaanza na herufi mbili za nchi, kisha inafuata namba ambayo haizidi tarakimu au herufi 15, Ufaransa wao wanaweka FR halafu ile namba ya usajili wa biashara yenye tarakimu 14. Inatolewa bure na mamlaka yenyewe, na Tume ya Ulaya ina ukurasa wake ambao unaingiza namba unaambiwa ipo hai au haipo. Dakika moja, tena kwa simu yako hiyohiyo ya kuangalizia mpira. Kabla hujatuma hela, kagua, sio baada.

Na hapa kuna mtego wa Waingereza, nisikilizeni vizuri maana vipuri vingi vya ndege vinapitia kwao. Uingereza walipotoka kwenye Umoja, kuanzia 1 Januari 2021 namba zao zinazoanza na GB hazifanyi kazi tena kwa forodha za Ulaya. GB ina tarakimu 12, mara nyingi ni namba yao ya VAT yenye tarakimu tisa ukiongeza sifuri tatu. Ireland ya Kaskazini ikapewa yake inaanza na XI. Kwa hiyo muuzaji anakwambia mimi ni wa London, namba ninayo hii hapa, wewe unafurahi, kumbe kipuri chenyewe kipo kwenye ghala lake Uholanzi na hiyo GB yake haiwezi kukitoa pale. Usimuulize una namba tu, muulize mzigo umelala wapi leo hii, na una namba ya hapo ulipolala?

Dada mmoja hapa akainua mkono, akasema sasa mimi wa Kigoma natakiwa niitafute hiyo EORI? Dada yangu, kama wewe unanunua tu, hapana. Inayotakiwa ni ya muuzaji anayetoa. Wewe itakuhusu kama ni wewe unayepeleka tamko kwenye forodha ya kule, jambo ambalo mfanyabiashara wa hapa mara nyingi halimfikii. Akitokea mtu anakutoza hela akupatie EORI, mwambie asante, rudi nyumbani.

Marekani hawana EORI, muuzaji anatumia EIN yake ambayo ni namba ya kodi ya tarakimu tisa, na mzigo ambao kitu cha aina moja kinazidi dola 2,500 anatakiwa autolee taarifa kwenye mfumo wa serikali kabla haujaondoka. Wao wana swali moja la ziada na wengi wetu linatukwaza, wanauliza mtumiaji wa mwisho ni nani, ndege gani, nchi gani. Usikasirike wala usibuni. Nasisitiza hili kwa wenzetu wanaouza kuvuka ziwa, kipuri kilichotoka Marekani ukisema kinabaki Tanzania halafu kikaonekana Kalemie, umejichoma wewe na umemchoma muuzaji, na mara ya pili hakuuzii. Kama ni cha Kongo sema ni cha Kongo, toa jina la mpokeaji na namba yake ya kodi ya kule wanayoiita NIF, Burundi nao NIF. Burundi yumo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na Kongo kaingia 2022, lakini kuwa wanajumuiya haina maana mzigo unavuka bila jina.

Tuje nyumbani sasa, maana hapa ndo penye donda.

TIN. Tarakimu tisa, unaiomba mtandaoni kwa namba yako ya kitambulisho cha taifa, NIDA, hailipiwi. Naomba mikono, nani ana TIN? Karibu wote. Nani ana TIN ya biashara? Mnaona mikono ilivyoshuka. Wengi wetu tulichukua wakati wa leseni ya udereva au kusajili pikipiki, ile ni TIN isiyo ya biashara, ukiipeleka kuagizia vipuri vya kuuza mzigo unasimama palepale. Nenda TRA, mamlaka ya mapato, ukaibadilishe kabla hujaagiza kitu, na kama umesajili kampuni BRELA basi kampuni ni mtu mwingine kabisa na ana TIN yake peke yake, sio yako wewe mkurugenzi. Jina lililopo BRELA, lililopo kwenye TIN, lililopo kwenye invoisi na kwenye eawei bili liwe moja, herufi kwa herufi. Nimeona mzigo umekaa kwa sababu ya neno "Enterprises" na "Enterprise". Herufi moja!

Halafu kuna hili la kuazimana, na naliongea kwa uchungu kwa sababu nimeliona likivunja udugu. Kijana anaagiza mzigo anatumia TIN ya mjomba, au ya wakala, kwa sababu ya kwake inasumbua. Mzigo unatoka vizuri, anaona amepata njia. Mara ya pili, ya tatu. Siku TRA wanakagua hesabu wanaona mjomba ameingiza mizigo ya mamilioni na hajatangaza hata shilingi ya mauzo, mjomba anaitwa, mjomba ambaye maisha yake yote ni kuvua migebuka. Na upande wako wewe uliyeazima, huna historia, miaka mitano umeagiza lakini kwenye mfumo hujawahi kuagiza hata boliti, benki ukienda kuomba mkopo unaonyesha nini? Mteja akidai kipuri ni feki unaonyesha nini kwamba kilikuwa chako? Ni sawasawa na mimi ningepiga magunia yote ya baba alama ya jirani, baba angekufa maskini na jirani angefungwa.

Kwa vifaa vya ndege kuna sababu nyingine tena. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 ina Jedwali la Tano linalotoa misamaha ya ushuru, na uendeshaji wa ndege umo. Lakini msamaha ule unamfuata mwendeshaji wa ndege. Haufuati kipuri. Kipuri kilekile kikija kwa jina la shirika linaloendesha ndege kina hoja ya msamaha, kikija kwa TIN ya binamu yake mkurugenzi hoja inakufa, na hutamlaumu afisa wa forodha kwa sababu yeye anasoma kilichoandikwa. Kwa hiyo wewe msambazaji kabla hujaagiza kaeni na mteja wako muamue, mpokeaji kwenye karatasi ni nani, mimi nitakayemuuzia au yeye moja kwa moja. Muamue mwanzoni.

Wengi pia mnachanganya namba, na sishangai maana kwenye karatasi moja zimejaa kama dagaa. Kijana mmoja alinitumia picha akisema hii ndo EORI, kumbe ni namba ya kipuri. Namba ya mtu ni TIN au EORI. Namba ya aina ya bidhaa ni ile HS, ambayo inaamua ushuru, na vipuri vya ndege tangu 2022 vipo 8807, zamani ilikuwa 8803 na kuna wauzaji mpaka leo wanaandika ile ya zamani. Ila usidhani kila kitu cha ndege kipo huko, tairi mpya ya ndege ni 4011.30, sehemu za injini za turbo kama ya Caravan ni 8411.91. Namba ya kipuri chenyewe na ile ya kipekee ya kipande kile kimoja ni za fundi, na hizo lazima zifanane na cheti cha kuruhusu kipuri kifungwe, Ulaya wanatoa EASA Form 1 na Marekani ni 8130-3. Kipuri bila hicho cheti hata forodha wakikuachia, fundi mwenye leseni hakifungi.

Na eawei bili ina tarakimu 11, tatu za mwanzo ni shirika la ndege, ukiona 176 ni Emirates, 071 ni Ethiopian. Zinafuata saba, na ya mwisho ni ya kujikagua, unachukua ile namba ya tarakimu saba unaigawanya kwa saba, kinachobaki ndo tarakimu ya mwisho. Kwa hiyo eawei bili haiwezi kuishia na 7, 8 wala 9, ukiletewa inayoishia hivyo jua kuna mtu kakosea kuandika au anakudanganya. Mimi hilo limeniokoa zaidi ya mara moja.

Mzee wangu hapa mbele akasema haya yote ni kusumbuana tu, zamani mzigo ulipita. Mzee naomba nikujibu kwa heshima. Tarehe 11 Mei 1996 kule Florida ndege ya ValuJet namba 592 ilianguka na watu 110 wote wakafa, kwa sababu kwenye tumbo la ndege yalipakiwa makopo ya kutengeneza oksijeni, ni kifaa cha ndege kile, kinatolewa kikiisha muda wake, na kwenye karatasi yakaandikwa kwamba ni matupu. Hayakuwa matupu, yakawaka. Mtu aliyepokea karatasi aliamini karatasi. Kwa hiyo forodha na watu wa usalama wakikomaa kutaka kujua nani katuma na katuma nini, mimi siwaoni kama maadui, nawaona kama wanasimama kwa niaba ya mwanangu aliyepanda ndege hiyo.

Jambo la mwisho ni matengenezo, maana hili linakula hela kimyakimya. Propela au pampu ikienda nje kukarabatiwa, usiitoe kama vile umeiuza. Itolewe kwa utaratibu wa kwenda na kurudi, kwa TIN ya mwenye ndege, na ile namba ya kipekee ya kipande iandikwe kwenye tamko la kutokea na afisa aione kwa macho. Karakana ya Ulaya iombe yenyewe kukipokea kwa EORI yao chini ya utaratibu wa ukarabati, wanaujua. Kikirudi unaonyesha, kile kilichotoka ndo hiki, namba hii hapa. Usipofanya hivyo forodha hawana namna ya kujua kama ni kile au ni kipya, na watakihesabu kama kipya.

Haya mama yangu, njoo sasa na ile karatasi, fungua kanga taratibu isichanike. Msaidieni kiti. Hapa juu kwa muuzaji wameandika FR, hesabuni na mimi... kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Sawa, ya muuzaji ipo, bwana mdogo wewe mwenye bando iingize kwenye ule ukurasa utuambie kama ipo hai. Masharti wameandika EXW, hapo tutaongea. Sasa shukeni huku kwa mpokeaji, wameandika jina la mwanao peke yake, kampuni haipo, na pembeni palipotakiwa TIN pako wazi. Mzigo haujaondoka bado mama? Haujaondoka. Basi mpigie sasa hivi, weka sauti kubwa, muulize TIN ya kampuni ameshachukua?